HAYA, MACHO YA WATU NA SAHANI: Historia ya Ulaji katika Nchi ya Katwe



Katika karamu zetu huku Kasese na Bwera hakosekani binti ambaye wamama humsifu. Sahani ya pilau ikifika kwake anatoa udhuru kwamba ameshiba. Anapokea soda, anaishika mpaka inapata moto mkononi, kisha anaiweka chini bila kuionja. Utasikia shangazi anasema: "Huyu mtoto ana haya." Na haya ni sifa njema kwetu, hakuna anayebisha. Lakini kuna hali nyingine inayovaa kanzu ya haya na kupita mbele yetu bila kutambuliwa, nayo ni HOFU ya kuonwa na watu wakati wa kula. Mwenye haya hujizuia na lisilofaa, na moyo wake umetulia. Mwenye hofu hii hata lililo halali linamshinda. Mate yanamkauka, mkono unatetemeka, anaamini kila jicho ukumbini linahesabu matonge yake. Akienda nyumbani analia, au anakula peke yake gizani.

Madaktari wa akili wanaiita hofu ya kijamii. Na wakati mwingine hofu hiyo humfikisha mtu kwenye maradhi ya ulaji, yaani kujinyima chakula mpaka mwili unaisha (anoreksia), au kula kupita kiasi kwa siri na kisha kujitapisha (bulimia). Wengi wetu tumezoea kusema hayo ni maradhi ya Wazungu wenye chakula kingi. Mimi naona jibu hilo ni jepesi mno. Tukifungua historia ya nchi yetu hii tunakuta kwamba kula chini ya macho ya watu, na kuogopa macho hayo, ni jambo la zamani sana huku. Kilichobadilika ni kile ambacho macho yanataka kukiona.

NCHI YA CHUMVI

Katwe tunayoizungumzia ni hii ya Kasese. Wengi wakisikia jina hilo hukimbilia mtaa wa Kampala uliotolewa filamu mwaka 2016, si huo. Katwe yetu ni ziwa dogo la chumvi ndani ya shimo la volkano, upande wa kaskazini wa Ziwa Edward, milima ya Rwenzori ikiwa nyuma yake. Watu wamechota chumvi hapo kwa karne nyingi, nayo ilibebwa kwenda Nkore, Toro, Bunyoro, Rwanda na ng'ambo ya Kongo. Kwa sababu hiyo wafalme waliigombania. Stanley alipopita hapo Juni 1889, walioishika Katwe walikuwa askari wa Omukama Kabalega wa Bunyoro. Miaka miwili baadaye, 1891, Lugard akajenga ngome aliyoiita Fort George, na askari Wasudani aliowaweka katika ngome za magharibi ni miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kuishi sehemu hizi.

Kwa nini nianze na chumvi? Kwa sababu chumvi huingia katika kila chungu. Katwe ilikaa katikati ya watu ambao kila mmoja alikuwa na adabu yake ya kula. Wakonzo wa milimani walikuwa wakulima, wavuvi walikuwa kandokando ya Ziwa Edward, wafugaji Wahima walikuwa ng'ambo ya mfereji wa Kazinga na maziwa yao, na juu ya wote palikuwa na jumba la mfalme wa Bunyoro. Tuanze na wale wa maziwa.

BINTI NA KIBUYU CHA MAZIWA

Mwishoni mwa 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kusini ya Nkore, ambayo leo ni Tanzania. Mfalme alikuwa Rumanyika, na ukoo wake ulikuwa jamaa moja na wafugaji wa Nkore. Speke alistaajabu kuona wake wa wakubwa wamenenepeshwa kwa maziwa mpaka hawawezi kusimama sawasawa. Mwanamke mmoja, mke wa ndugu yake mfalme, alimpima kwa utepe na kuviandika vipimo katika kitabu chake kilichotoka 1863. Tukivigeuza kwa sentimita, mkono ulikuwa na mzunguko wa 58, kifua 132, paja 79. (Mengine aliyoyaandika nayaacha, maana ukurasa huu husomwa na watoto.) Lakini jambo lililonikaa mimi moyoni katika maelezo yake si vipimo. Pembeni ya mama huyo alikuwepo binti wa miaka kumi na sita, ameshika chombo cha maziwa anakunywa, na baba yake ameketi karibu akiwa na fimbo mkononi ili asiache.

Hebu tusimame hapo kidogo. Binti yule hakunywa kwa kiu, na huenda hata hakuona njaa tangu asubuhi. Alikunywa kwa sababu baba anamtazama, na baba alimtazama kwa sababu ukoo mzima unatazama, na siku ya kuolewa watu watamkadiria mwili wake kuwa ni hesabu ya ng'ombe wa baba yake. Mwili mnene ulikuwa tangazo kwamba nyumbani kwao maziwa hayakatiki.

Kasisi John Roscoe, aliyeandika juu ya Wanyankole katika kitabu cha 1923, naye alieleza jinsi mabinti wa Kihima walivyofungiwa ndani wangali wadogo, wakakatazwa kukimbia na kucheza, wakanyweshwa maziwa kwa wingi mpaka wanatembea kwa taabu. Desturi hiyo ilipata pigo kubwa pale tauni ya ng'ombe ya 1890 na 1891 ilipofyeka mifugo ya Nkore, halafu ikaendelea kufifia katika karne ya ishirini.

Sisemi kwamba wale mabinti walikuwa wagonjwa wa akili. Ilikuwa ni desturi, na desturi haiitwi maradhi. Tena wengi wao bila shaka walijiona wamependwa na kutunzwa. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba njaa na shibe ya mtoto zilitolewa mikononi mwake zikawekwa machoni pa watu. Mtoto aliyezoea kula kwa kutazamwa, hata hajui tena tumbo lake linasema nini.

Na sasa tazama upande wa pili. Roscoe huyo huyo aliandika juu ya jumba la Bunyoro, na alieleza kwamba chakula cha mfalme kilizungukwa na miiko mizito, na haikuwa ruhusa kwa watu kumkodolea macho akila. Buganda nako Kabaka alikula peke yake. Basi katika nchi moja, mwenye nguvu kuliko wote alikula bila kuonwa, na binti asiye na nguvu alikula huku akionwa na wote. Sina hakika kama kuna jambo jingine linaloeleza vizuri zaidi uzito wa macho kwenye sahani. Kuonwa ukila ni kuwa mikononi mwa anayekuona.

AYA MOJA KATIKA SURAT AN-NUR

Jambo hili la kuogopa macho ya watu kwenye chakula halikuanzia Karagwe. Wanafunzi wa madrasa wanaijua aya ya 61 ya Surat an-Nur, inayowataja kipofu, kiguru na mgonjwa, kisha ikasema kwamba hapana ubaya watu wakila pamoja au mbalimbali. Wengi tunaisoma na kupita. Lakini wafasiri, akiwemo Ibn Kathir (aliyefariki 774 Hijria, sawa na 1373), wamenukuu riwaya za nini kilikuwa kikitokea. Katika baadhi ya riwaya hizo, wenye ulemavu na maradhi walikuwa wakijitenga wasile na wenzao kwa kuogopa kwamba watawachukiza. Na kwa Qatada imepokewa kwamba katika Banu Kinana walikuwepo waliokuwa wakiona ni aibu mtu kula peke yake, hata mtu akaswaga ngamia wake huku ana njaa, chakula anacho, mpaka ampate wa kula naye.

Mmoja anaogopa kula mbele ya watu, mwingine anaogopa kula bila watu. Wote wawili wana njaa na chakula kipo! Aya ikaja ikaondoa uzito huo pande zote mbili.

Karne kadhaa baada ya kushuka aya hiyo, tabibu Abu Zayd al-Balkhi (aliyefariki 322 Hijria, sawa na 934) aliandika kitabu Masalih al-Abdan wa al-Anfus, ambamo alizipa hofu, huzuni, hasira na wasiwasi mlango wao katika utabibu, kama vile homa ina mlango wake. Alifundisha kwamba nafsi nayo inaugua na inatibika, na kwamba mwenye hofu aizoeze nafsi yake kidogo kidogo kukabili kile inachokikimbia. Marehemu Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki 2021, ndiye aliyetukumbusha habari za kitabu hicho alipokitolea tafsiri ya Kiingereza. Huko Ulaya anoreksia ilikuja kuandikwa kama maradhi yenye jina mwaka 1873 na 1874, na William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris. Bulimia ilipewa jina na Gerald Russell mwaka 1979. Na hofu ya kijamii iliingia katika orodha ya madaktari wa Marekani mwaka 1980, na miongoni mwa mifano iliyotajwa ulikuwemo huu: kuogopa kula mbele za watu.

SLIM

Turudi Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Rakai na Masaka, watu walianza kukonda na kuhara mpaka wakafa, na wanakijiji wakauita ugonjwa huo kwa neno la Kiingereza, Slim, yaani wembamba. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika habari zake katika jarida la Lancet kwa jina hilo hilo. Ulikuwa UKIMWI. Barabara za magari makubwa na vituo vya mpaka viliubeba kila upande, nasi huku tunaoishi karibu na Mpondwe hatukuachwa.

Msomaji kijana huenda hajui neno hilo lilifanya nini katika nyumba za watu. Tangu siku hiyo kukonda kukawa ni kesi. Mtu mwenye vidonda vya tumbo, au kisukari, au aliyefiwa na hana hamu ya kula, alipopita sokoni watu walinong'ona. Wapo waliovaa nguo mbili mbili ili waonekane wamejaa. Wapo waliolazimisha chakula mbele ya wageni ili isemwe "anakula vizuri, si mgonjwa," na wapo walioacha kabisa kwenda kwenye harusi na misiba. Mama alimsukumia mwanawe ugali wa muhogo na sombe huku akiangalia mlangoni nani anamwona. Hii nayo ni hofu ya macho ya watu iliyoingia katika chungu, ila safari hii macho yalitafuta mfupa wa shavu badala ya hesabu ya ng'ombe. Noerine Kaleeba na wenzake walipoanzisha TASO mwaka 1987 baada ya yeye kufiwa na mume, sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kukaa na watu ambao wanaoneana haya na dunia. Dawa za kurefusha maisha zilipoanza kuenea bure kuanzia 2004, watu walinenepa tena, na unono wao ukawa cheti cha afya.

Basi haishangazi kwamba Peter Baguma wa Makerere na Adrian Furnham wa London walipowaonyesha wanafunzi wa Uganda na wa Uingereza michoro ya miili, kuanzia mwembamba kabisa mpaka mnene kabisa, katika utafiti uliotoka 1994, Waganda waliwaona wanawake wanene kuwa wazuri zaidi kuliko walivyowaona Waingereza.

Wengine wakachukua matokeo kama hayo wakasema: mnaona, Mwafrika hana anoreksia. Lakini mambo hayakusimama hapo. Mwaka 2004 Frank Njenga na mwenzake walichapisha uchunguzi wao baada ya kuwauliza madaktari wa akili wa Kenya. Waliowahi kumwona mgonjwa wa anoreksia walikuwa wachache, lakini walikuwepo. Mwaka huo huo ikatoka habari ya shule za sekondari za wasichana kaskazini mashariki ya Ghana, ambako kati ya wanafunzi 668 walipatikana kumi ambao wembamba wao haukuwa na sababu nyingine ila kujinyima, nao walikusema kujinyima huko kwa lugha ya dini na ya kuitawala nafsi. Mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake wakaandika juu ya wanawake wa Tanzania kwamba dalili zipo, na zinakwenda pamoja na kutazama sana picha za Magharibi. Na leo kila simu ina picha. Binti wa Bwera anatazamwa na bibi anayetaka anenepe na papo hapo anatazamwa na simu inayotaka apungue. Hapo aende wapi?

IPI INATANGULIA?

Hili ndilo swali la wazazi, na hapa elimu ya miaka ya karibuni imetupa jambo la kushika. Walter Kaye na wenzake, mwaka 2004, walichapisha uchunguzi wa watu 672 wenye anoreksia au bulimia. Takriban theluthi mbili yao waliwahi kuwa na maradhi ya hofu ya aina fulani maishani, na mmoja katika kila watano alikuwa na hofu ya kijamii. Na wengi wao walisema hofu ilianza UTOTONI, kabla ya matatizo ya chakula. Tuelewane: watoto wengi wenye woga hawapati maradhi ya ulaji kamwe. Urithi wa damu una sehemu yake, na msiba, na dhihaka, na mambo mengine. Lakini inapotokea, mara nyingi hofu ndiyo ilikuwa mwenyeji, na njaa ni mgeni aliyekuja baadaye.

Inakuwaje? Mtoto anaamini anatazamwa na kuhukumiwa. Hawezi kuyatawala macho ya watu, wala midomo yao, lakini sahani anaweza kuitawala. Akipunguza tonge anapata nafuu kidogo, anahisi ameshinda jambo. Shuleni kwenye bodingi anakwepa foleni ya posho na maharage kwa sababu pale ukumbini wapo mia tatu. Usiku njaa inamzidi, anakula biskuti pakiti nzima chini ya blanketi, kisha aibu inamrudia maradufu anakwenda chooni kujitapisha. Kesho anajificha zaidi ya jana.

Halafu njaa yenyewe inaongeza hofu. Hili lilionekana wazi Marekani kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, ambapo Ancel Keys aliwachukua vijana wanaume 36 wenye afya, waliokataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri zao wakajitolea kwa utafiti, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa wiki 24. Hao hawakuwa na hofu ya watu walipoanza. Baada ya miezi wakawa hawataki maongezi, wanajitenga, mzaha umewaisha, wanawaza chakula mchana na usiku. Kwa hiyo mzazi anayesema "akiacha woga atakula" na anayesema "akila ataacha woga," wote wawili wameshika ncha moja moja ya kamba ile ile.

MAHALI TUNAPODANGANYIKA

Huku kwetu mtoto aliyekonda hupelekwa kutibiwa minyoo. Ikishindikana hupimwa kifua kikuu, halafu damu. Hiyo ni sawa, na ni wajibu, maana magonjwa hayo yapo. Utapiamlo wa umaskini nao upo, na mwenye kipato kidogo hawezi kuulizwa kwa nini mtoto hajanenepa. Binti anayetapika shuleni hushukiwa mimba kabla ya kushukiwa jambo jingine lolote, na akionekana hana mimba faili inafungwa. Mwenye bulimia ndiye anayetupita zaidi, kwa kuwa mara nyingi uzito wake ni wa kawaida tu.

Yapo pia ya kwetu Waislamu. Mavazi yetu ya stara huficha kukonda. Mama anaweza kukaa miezi bila kuona mikono ya binti yake. Na mwezi wa Ramadhani humpa udhuru mtu asiyetaka kula, halafu Jumatatu na Alhamisi zinamuongezea. Saumu ni saumu, haina lawama, lakini yupo ambaye kinachomfurahisha ni kule kupata ruhusa ya kutokula bila kuulizwa. Utamtambua magharibi. Wenzake wanafuturu, yeye anakwenda kuosha vyombo. Na ipo alama moja ambayo mama wa Kiislamu ana nafasi ya kuiona kuliko mama mwingine yeyote. Binti aliyebalehe, ambaye hapo awali alikuwa akipata siku zake, sasa anafunga siku zote za mwezi bila kukosa na hana deni la kulipa, na miezi inapita hajawahi kuacha swala kwa udhuru. Usikimbilie kumsifu. Uliza, kwa upole, hedhi yake imekwenda wapi. Mwili wenye njaa ndefu huifunga. (Sababu nyingine pia zipo, ndiyo maana ni swali la kupeleka kwa daktari.) Mgonjwa naye ameruhusiwa kuacha saumu katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, na maradhi haya ni maradhi, kwa mtu aliyedhoofika hivyo kufunga kunaweza kuleta hatari ya moyo, basi ashauriwe na daktari na shekhe pamoja.

Watoto wa kiume nao wamo, ingawa kwao hatuangalii kabisa.

Kuhusu tiba, kuna jambo la kihistoria linalostahili kusemwa. Zamani Ulaya mgonjwa wa anoreksia alitengwa na wazazi wake. Ilidhaniwa wao ndio kisa. Katika miaka ya 1980 madaktari wa hospitali ya Maudsley, London, akiwemo yule yule Gerald Russell, wakageuza. Wakawarudishia wazazi kazi ya kumlisha mtoto, na mwaka 1987 wakachapisha kwamba kwa vijana ambao maradhi yao yalianza mapema na hayajakaa muda mrefu, njia ya familia ilifaa kuliko ya mtu peke yake. Mzazi anakaa naye kila mlo, hamtukani, hamsifu kwa ukonde wala unene, haleti mabishano ya kalori, na haondoki. Msomaji atakumbuka yule baba wa Karagwe, naye alikaa karibu na binti akila. Tofauti ni fimbo, na tofauti ni kwa ajili ya macho ya nani amekaa pale. Na hofu ya watu nayo ina tiba yake ya mazungumzo, ambayo humzoeza mtu hatua kwa hatua: leo ale chai na dada yake, wiki ijayo na jirani, baadaye kwenye karamu. Al-Balkhi angeielewa bila kufafanuliwa.

Tahadhari moja kubwa. Mtoto aliyejinyima kwa muda mrefu asipakuliwe ghafla sahani kubwa kwa furaha ya kwamba amekubali kula. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia madaktari waliona wafungwa waliotoka katika njaa wakifa walipopewa chakula kingi kwa mara moja, kwa kuwa chumvichumvi za damu huvurugika na moyo ukashindwa. Anayezimia, anayesikia moyo unakwenda ovyo, au aliyevimba miguu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Bwera na Kagando zipo karibu, na kwa upande wa akili hospitali ya rufaa ya Fort Portal ina kitengo chake. Mkifika mwambieni daktari amekonda tangu lini, hedhi ilikoma lini, kama anatapika baada ya kula, na kama woga wa watu ulianza kabla. Bila hayo ataandikiwa dawa ya minyoo mrudi nyumbani.

Na kwa kuwa katika zahanati zetu mizani huwa kwenye baraza na uzito husomwa kwa sauti mbele ya foleni nzima, mwombeni muuguzi ampime chumbani, mlango umefungwa. Inaruhusiwa pia mgonjwa asimame akiipa mizani mgongo, namba akaiona muuguzi peke yake.